Rihani ya Kivinje: Harufu Ambayo Forodha Haikuiandika



Tangu msimu huu wa harusi uanze nimeulizwa swali moja kwa namna nyingi: mafuta ya rihani yanamfaa bibi harusi? Mmoja anataka kujua kama yanang'arisha ngozi, mwingine kama yanaondoa uchovu, na wa tatu aliniuliza kama kuyapaka ni Sunna. Majibu yapo na nitayatoa huko chini. Lakini kabla ya chupa kulikuwa na jani, na jani lile lina historia yake hapa pwani. Nataka kwanza tujue nani aliivaa rihani, kwa nini aliivaa, na kwa nini bibi zetu hawakuwahi kuihitaji ndani ya chupa. Nitaanzia Kilwa Kivinje, mji ambao wengi wetu visiwani tunaujua kwa jina tu, ingawa damu ya wengi wetu imepita pale.

Ukitoka Kilwa Masoko ukaelekea kaskazini, saa moja haijesha unafika Kivinje. Utaliona boma la Wajerumani linalobomoka mbele ya bahari, nyumba za mawe zilizoota miti ukutani, soko la samaki, na mnara wa kuwakumbuka wazee walionyongwa na Wajerumani, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya aliyenyongwa mwaka 1895 kwenye mwembe ambao watu wanauita Mwembe Kinyonga mpaka leo. Makao ya utawala yalihamia Masoko, na Kivinje ikapoa. Mgeni anaweza kuupita mji huu akidhani ni kijiji cha wavuvi tu.

Karne ya 19 mambo yalikuwa mengine kabisa. Kilwa Kisiwani, ile Kilwa ya masultani na msikiti mkubwa, ilikuwa imeshachoka, na biashara ilihamia huku bara, Kivinje. Misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ilimalizikia hapa. Wayao walileta pembe za ndovu. Watu wa vijiji vya nyuma ya pwani walileta sandarusi iliyochimbwa ardhini, ambayo Ulaya na Marekani waliitengenezea vanishi. Wahindi walifungua maduka na kutoa mikopo ya bidhaa. Na forodha ya Sultani wa Zanzibar iliandika kila kilichopakiwa.

Iliandika na watu. Kwa hesabu zilizofikishwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1871, kati ya 1862 na 1867 watumwa zaidi ya 97,000 walisafirishwa kutoka Kilwa kwa njia halali ya forodha, wengi wao wakivushwa kuja Unguja. Wale waliopitishwa kwa magendo hawamo. Ni watu wa miaka mitano tu hao. Biashara hii ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873 chini ya Sayyid Barghash, ingawa majahazi ya usiku hayakukoma siku ile ile.

Nimetaja forodha kwa sababu moja. Mtu akitaka kujua historia ya manukato ya pwani, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta kwenye maandishi ya bidhaa, na humo atakuta ubani, udi, miski, ambari, maji ya mawaridi. Vyote hivyo vilipimwa, vilitozwa ushuru, vilikuwa na bei. Rihani hataikuta. Rihani haikupita forodhani. Inaota uani, kando ya kisima, pale maji ya kunawia yanapomwagika, au ndani ya kopo bovu mlangoni. Ukipungukiwa unavuka kwa jirani ukachuma. Kitu kisicho na bei hakina karani wa kukiandika.

Wageni walioandika habari za pwani walitazama kwa macho yale yale ya karani. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331, kabla ya kufika Kilwa alitua Mogadishu, na akaeleza jinsi walivyomkaribisha kwa tambuu na kummiminia maji ya mawaridi ya Damascus. Maji yaliyosafirishwa kutoka Sham! Hicho ndicho kilichostahili kutajwa. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886 alieleza sana mafusho na manukato ya majumba ya baba yake, lakini hayo ni maisha ya majumba ya Sultani. Desturi za Wasuaheli, kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari kilichochapishwa mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten, kinatukaribia zaidi maana mwandishi ni Mswahili wa Bagamoyo anayeeleza harusi na adabu za watu wake. Velten huyo huyo mwaka 1907 alichapisha khabari za zamani za Kilwa Kivinje na Lindi kama wenyeji walivyozisimulia. Ni hazina kubwa, ila ni masimulizi ya wanaume: nani alitawala, nani aligombana na nani, kodi ilikuwa kiasi gani. Uani hawakuingia.

Basi historia ya rihani lazima tuitafute kwenye jina lake, kwenye dini, na kwenye mwili wa mwanamke aliyeivaa.

Jina ni la Kiarabu, rayhan, na ndani ya Qur'ani Tukufu limo mahali pawili: Surat Ar-Rahman aya ya 12, miongoni mwa neema za ardhi, na Surat Al-Waqi'a aya ya 89, katika malipo ya waliokaribishwa kwa Mola wao. Hapa tuwe waangalifu kidogo. Katika Kiarabu rayhan linaweza kuwa jina la kila mmea wenye harufu nzuri. Ibn al-Qayyim, katika kitabu chake cha tiba ya Mtume, ameeleza kwamba watu wa Magharibi wakisema rayhan wanakusudia mmea mwingine kabisa, ule uitwao aas, ilhali watu wa Iraq na Sham wanakusudia habaq, ambao ndio jamaa wa rihani yetu. Sisi wa pwani tumefuata mashariki. Kwa hiyo anayekuuzia chupa na kukwambia "haya mafuta yametajwa kwenye Qur'ani" anaruka hatua mbili: aya haikutaja mafuta, na wanazuoni hawakukubaliana ni mmea gani hasa.

Hadithi inayonigusa zaidi imo katika Sahih Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra radhiya Llahu anhu. Maana yake ni kwamba Mtume swalla Llahu alayhi wa sallam alitufundisha kuwa anayepewa rihani asiikatae, kwa sababu haimlemei mtu kuibeba na harufu yake ni nzuri. Mapokezi mengine yanataja manukato kwa jumla. Tazameni sababu ya kwanza iliyotolewa: wepesi. Zawadi isiyomgharimu anayetoa na isiyomwelemea anayepokea. Wajukuu wake, Hasan na Husein, aliwaita rihani zake mbili za dunia, kama ilivyopokewa na Bukhari. Na katika hadithi nyingine mashuhuri, mnafiki anayesoma Qur'ani amefananishwa na rihani, harufu nzuri na ladha chungu. Aliyewahi kulitafuna jani lake bichi akitegemea utamu wa harufu ataelewa mara moja.

Lakini isidhaniwe kwamba mmea wenyewe umetujia na jahazi moja na jina. Hapa kwetu kuna ndugu kadhaa wa ukoo huu. Kuna rihani yenyewe, Ocimum basilicum, ambayo asili yake wataalamu wanaiweka upande wa Asia ya joto, na ambayo mbegu zake Wahindi wa pwani wanazitia kwenye faluda, zile nyeusi zinazovimba na kuteleza mdomoni. Halafu kuna kivumbasi, au mvumbasi kama wengine wanavyouita, wenye jani gumu zaidi na harufu kali ya dawa. Huyu ni mwenyeji wa Afrika, yuko hapa tangu kabla ya jahazi lolote. Hata mlima Kilimanjaro una wake, Ocimum kilimandscharicum, unaonuka kafuri. Nafikiri ndiyo maana neno rihani lilipokewa kirahisi na wanawake wa pwani: mkono ulikuwa umeshazoea kuchuma ndugu yake.

Kivumbasi ndicho cha mbu. Kuchoma majani yake jioni au kuning'iniza matawi mlangoni ni desturi ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na watafiti walioandika mwaka 2008 kuhusu kaskazini-mashariki mwa Tanzania walikuta mimea ya ukoo huu ndiyo inayotumika zaidi na wenyeji kufukuzia mbu. Huko Mbita, magharibi mwa Kenya, majaribio ya kuweka vyungu vya mmea ulio hai karibu na mtu aliyelala yalionyesha mbu wanapungua. Wanapungua, hawaishi. Kwa hiyo bibi harusi, chandarua kitandani ni lazima, hata kama shuka imenyunyizwa rihani na asumini.

Sasa nirudi Kivinje, kwa wale watu wa forodhani.

Desturi ya mji wa pwani katika zama za utumwa ilimtambua mtu kwa mavazi kabla hajafungua kinywa. Mwungwana mwanamume alivaa kanzu, kofia na viatu. Mtumwa alikwenda kichwa wazi na miguu chini. Mwanamke mwungwana alijifunika; mjakazi alijifunga kaniki, ile nguo nyeusi ya bei rahisi. Harufu nayo ilikuwa vazi. Udi kwenye chetezo, miski na ambari vilitaka fedha au mume mwenye fedha. Binti aliyetekwa karibu na Nyasa akatembea mpaka Kivinje, akauzwa, akabaki kwenye nyumba ya mtu kama mtwana wa kike au suria, asingeweza kufikia vile.

Rihani aliweza. Hakuna maandishi yanayomwonyesha binti huyo akichuma, na mimi simzulii jina wala maneno. Ninachosema ni hesabu nyepesi tu: katika manukato yote ya kike ya pwani, rihani na mauwa ya uani ndiyo pekee ambayo hayakuhitaji fedha, na waliokwenda kisimani asubuhi na kumwagilia mimea ile walikuwa wajakazi. Mikono iliyojua kufunga kikuba cha bibi wa nyumba ilikuwa mikono yao.

Tukumbuke pia kwamba utumwa bara haukuisha pamoja na wa Unguja. Unguja hali ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897. Kivinje ilikuwa chini ya Wajerumani, na wao hawakuufuta. Waliamua tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Ilibidi Waingereza waje ndipo sheria ya mwaka 1922 ya Tanganyika iuondoe moja kwa moja. Maana yake ni kwamba kuna wanawake wa Kilwa waliokuwa hai ndani ya kumbukumbu za bibi zetu, ambao walizaliwa mali ya mtu na wakafa Waislamu huru, wenye kanga zao, wenye kuwaoza mabinti zao kwa mahari na shahidi wawili. Wanahistoria wa Zanzibar wameandika jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoitupa kaniki na kuvaa kanga za rangi ili mtu asiweze tena kuwasoma kwa nguo. Kanga imeandikwa kwa sababu ilinunuliwa dukani. Kikuba hakikuandikwa, lakini nina hakika kilikuwa kwenye safari ile ile.

Kwa wasomaji wa kizazi cha pafyumu, kikuba ni kishada kidogo cha majani na mauwa kinachofungwa kwa uzi: rihani ndiyo kitanda chake, juu yake asumini, waridi lililochambuliwa, vipande vya mkadi, na kwa wanaojaaliwa, kilua. Kinabanwa kifuani ndani ya nguo au kwenye nywele. Rihani haiwekwi kwa ajili ya kupamba tu. Asumini hunukia usiku na kufikia asubuhi imelala. Rihani hukaa, na joto la mwili ndilo linaloiamsha. Kila ukisogea inatoa kidogo. Wazee walikijua kikuba kama pambo la ndani ya nyumba, la mume na la wanawake wenzio, na aliyetoka alikifunika au alikivua, kwa adabu tuliyofundishwa ya mwanamke kutopita mbele ya wanaume wa kando akiacha harufu nyuma yake.

Visiwani tuna singo, ambayo somo humsugulia bibi harusi siku za kutawishwa: mlangilangi, mpompia, waridi, asumini, liwa, karafuu, na mrihani ndani yake. Kila nyumba ina kipimo chake na kila somo anaamini cha mwenzake kimeharibika. Na katika sehemu nyingi za pwani rihani hiyo hiyo humfuata mtu mpaka kaburini, tawi bichi likiwekwa juu ya udongo siku ya kuzuru. Mmea mmoja kwa arusi na kwa matanga. Sijui udi kama una upana huo. Udi bado una heshima ya sebuleni.

Sasa chupa.

Mwaka jana mpwa wangu, siku mbili kabla ya usiku wa hina, alinunua kichupa kidogo cha mafuta ya rihani dukani, duka nisingependa kulitaja. Muuzaji alimwambia ni asilia na hayana madhara. Akayapaka shingoni na kifuani kama anavyopaka mafuta ya nazi. Usiku ule ngozi iliwaka, asubuhi mabaka mekundu, na hina ikapigwa huku amevaa nguo ya shingo ndefu kwenye joto la Machi. Shangazi mmoja alishika kichwa: "Sisi tumejisugua rihani miaka yote, mbona haikutuunguza?" Swali lake ndilo historia nzima ya tofauti ya jani na chupa.

Kutoa harufu ya mmea kwa mvuke si elimu ya juzi, na ni fahari yetu Waislamu. Al-Kindi katika karne ya 9 aliandika kitabu cha kemia ya manukato na namna za kuyatoa kwa mvuke. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, anatajwa sana katika habari za maji ya mawaridi. Mvuke unapita kwenye majani, unabeba mafuta, unapozwa, maji yanabaki chini na mafuta yanaelea. Hapa kwetu elimu hiyo inafanya kazi Pemba, kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, chini ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Kazi yake kubwa ni mafuta ya makonyo ya karafuu, lakini hupika pia mchaichai, majani ya mdalasini, na mrihani. Ukienda utaisikia harufu kabla ya kuliona geti.

Na Komoro, ndugu zetu. Masimulizi ya Kilwa yanasema wale Washirazi walipokuja na majahazi yao, jahazi moja lilishia Nzuwani, hivyo tunaweza kuwaita majirani wa ukoo. Visiwa vile, baada ya Wafaransa kuanzisha mashamba ya mauwa ya manukato, vikawa maarufu duniani kwa mlangilangi, na pamoja nao vinatoa mafuta ya rihani ambayo watengenezaji wa manukato wanayajua kwa jina la visiwa hivyo.

Hapa ndipo penye hatari ambayo lebo haikwambii. Rihani mbili zinazofanana bustanini zinaweza kutoa mafuta tofauti kabisa. Yale ya aina ya Ulaya yana linaloli kwa wingi, harufu yake ni laini na ya mauwa. Yale ya Komoro yana estragoli, mara nyingi zaidi ya asilimia 70, na harufu yake inakaribia ya anisi. Mwaka 2001 kamati ya wanasayansi wa vyakula ya Umoja wa Ulaya, ikitegemea majaribio ya wanyama, ilitamka kwamba estragoli inaweza kudhuru vinasaba na kuleta saratani, ikashauri itumike kwa uchache. Majani matatu kwenye mchuzi si kitu cha kukukosesha usingizi. Lakini kilo nzima ya majani mabichi hutoa gramu chache tu za mafuta, kwa hiyo anayejipaka kijiko kimoja cha chupa amejipaka shamba. Bibi zetu walijisugua jani, na jani lina kipimo chake ndani yake.

Basi majibu niliyoahidi. Kung'arisha ngozi, hapana, usimwamini anayekuuzia kwa neno hilo. Kuua vijidudu, ndiyo, kwenye maabara mafuta haya yameua bakteria na ukungu wa aina mbalimbali, lakini sahani ya maabara si ngozi yako, na kidonda au upele unaohitaji daktari upeleke kwa daktari. Kuchangamsha na kutuliza kwa harufu, wengi wanalisema na mimi nalikubali. Tone mbili kwenye bakuli la maji ya moto chumbani zinatosha. Ukitaka kupaka, chagua chupa iliyoandikwa jina la mmea na aina ya linaloli, na usizidishe tone 6 kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi au ya ufuta, kisha ujaribu kwanza ndani ya kiwiko na kusubiri siku nzima. Aina ya estragoli isikuguse ngozi kabisa. Isinywewe hata moja. Mjamzito na anayenyonyesha aulize kituo cha afya kwanza, na mtoto mchanga asisogezewe chupa puani, hata kwa nia ya kumfungua mafua.

Ama kuwa Sunna, kupenda harufu nzuri na kutokataa zawadi ya rihani ni katika mafundisho ya Mtume wetu. Kuitoa kwa mvuke na kuipaka kwa kipimo fulani ni dunia, na dunia ina wataalamu wake.

Mawili ya fiqhi yanaulizwa na maharusi wanaokwenda Umra fungate. Imepokewa kwamba Ibn Abbas aliruhusu aliyehirimia kunusa rihani, lakini wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wana rai nyingine, na kauli inayopewa nguvu kwao ni kuihesabu kuwa manukato ya kuepukwa. Muulize sheikh wako kabla hujatia kikuba kwenye begi. La pili ni la mjane: miezi minne na siku kumi za eda harufu zote za kujipamba huwekwa kando, na rihani imo, hata kama imeota mlangoni pake mwenyewe. Zamani jirani walikuja kuichuma kwa niaba yake ili isimletee harufu kila upepo ukivuma.

Na kwa asiyetaka habari za estragoli wala chupa, hii ndiyo njia ya jani. Chuma rihani asubuhi umande ukishakauka, kabla haijatoa mauwa. Itandaze kivulini kwenye ungo usiku mmoja inyauke, maana maji yakibaki mafuta yatachacha. Ijaze kwenye chupa safi ya mdomo mpana, umwagie mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani mpaka yafunike, funika na uache mahali penye joto siku saba, ukitikisa kila jioni. Chuja kwa kitambaa cheupe. Yatadumu wiki chache, na bibi harusi mmoja chupa moja inamtosha.